Koboi Gauthier na Mlango wa Buluu

Ukimsikia Gauthier akiimba, utamhurumia. Mimi nilimhurumia karibu miaka ishirini. Nilimpikia, nikamfulia, nikamsugua kifua kwa mafuta alipopata mafua. Halafu siku moja akabeba mlango wa nyumba akaenda zake. Leo nusu ya Lubumbashi inamlilia yeye, hainililii mimi, kwa sababu yeye ana gitaa na mimi nina beseni la munkoyo.

Basi acheni nieleze maisha yake. Wimbo wake umeyaeleza tayari, lakini wimbo ulianzia mwishoni, na mwisho wenyewe ameupinda.

Gauthier alizaliwa Sakania, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, karibu na mpaka kiasi kwamba majogoo wa Zambia ndio waliowaamsha asubuhi. Baba yake alikuwa fundi wa njia za treni. Redio yao ilikamata vituo vya ng'ambo tu, na Jumapili vituo hivyo vilipiga nyimbo za makoboi: mwanamume ana kofia, ana farasi, ana mke aliyemwacha. Gauthier hakujua neno hata moja la Kiingereza. Lakini alielewa kwamba mwanamume yule anaumia, na kwamba watu wanampenda kwa kuumia kwake. Hilo alilishika barabara. Mengine ya maisha, kama kuamka mapema, hakuyashika.

Mama yake, Mama Mwape, aliuza samaki wakavu sokoni. Alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi. Ndiye aliyenipa siri ya kwanza ya mwanawe, tukiwa hata hatujaoana.

"Huyu Gauthier," aliniambia, "akiwa mutoto, nikimupiga, alikuwa nakimbia kwanza ku kioo. Analia pale, anajiangalia. Machozi ikitoka vizuri, ndiyo anakuya kunionyesha."

Nilicheka. Ningekuwa na akili ningekimbia.

Nami nina mizizi Sakania, kwa upande wa mama yangu, ingawa nimekulia hapa Lubumbashi. Shule niliipita kwa nje tu, beseni likiwa kichwani. Tulikwenda Sakania kila kiangazi kuwaona wajomba na kuuza munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi ya porini. Siku ya kwanza ni kitamu, siku ya pili kinauma ulimi, siku ya tatu kinaimba chenyewe. Gauthier alikuja na kofia yake ya koboi, pana kama sinia, aliyoinunua Ndola. Aliniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Nikamwambia. Basi ikawa sikukuu.

"Kumbe uko mbuzi!" alisema. "Mbuzi anauzisha munkoyo! Na mbuzi ananawa mukono mbele ya kupika?"

"Chui hanywi munkoyo," nikamjibu. "Chui iko nakula mizoga. Enda kule nyuma ya soko, utapata."

Kwetu upande ule mtoto huchukua ukoo wa mama yake. Mimi ni wa Bena Mbushi, watu wa mbuzi. Yeye ni wa Bena Ngo, watu wa chui. Mbuzi na chui ni banungwe, yaani watani. Tangu mababu wana ruhusa ya kutukanana mpaka mate yakauke, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Hata kwenye kilio, maiti ikiwa ndani. Hasa kwenye kilio. Munungwe ndiye anayewachekesha wafiwa, anamwiga marehemu, na akishika kitu cha nyumba ile, kuku au sufuria, ni chake mpaka wenye nyumba wakikomboe. Chui akifa bila mbuzi wa kumcheka, wazee husema amezikwa nusu.

Alininunulia munkoyo wangu wote siku ile, akawagawia watu, akaimba. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nitasema kweli hata ikiniuma: hadi leo ni nzuri.

Tukaoana, tukahamia Naviundu, hapa hapa Lubumbashi. Gauthier aliimba harusini, aliimba vilioni, aliimba kwenye baa za komini ya Kenya, mtaa mwingine wa mji huu huu. Katikati ya hizo aliimba kitandani, amelala chali, akingoja kuitwa. Mimi nilitwanga, nikapika, nikachuja, nikauza. Nyumba ile ilipanda tofali kwa tofali kutoka kwenye munkoyo. Watu walizoea kusema kwamba ukigonga ukuta wetu, utasikia unachacha.

Kitu kimoja tu kwenye nyumba kilitoka kwa Gauthier, nacho ni mlango.

Alikuwa amepata kuimba kwenye harusi ya watu wakubwa, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitaka mlango wa chuma, rangi ya buluu, na katikati kichwa cha farasi. Fundi alikuwa kijana hodari, lakini farasi hajawahi kumwona, na Gauthier alimwelekeza kwa maneno tu: masikio yamesimama, uso mrefu, nywele chini ya shingo. Mlango ulipofika, tulisimama wote tukauangalia. Mtaa mzima ulisimama ukauangalia. Uso ulikuwa mrefu, kweli. Masikio yalisimama kiasi cha kuwa pembe. Nywele fundi alizishusha mpaka chini ya kidevu.

Jirani yangu Ngalula, mwanamke wa Kasai, amesoma, anauza vitambaa na hana aibu, ndiye aliyeanza.

"Ba Gauthier, hongera," alisema. "Umeheshimu bibi yako. Umemuwekea mbuzi ku mulango."

"Ni farasi!"

"Farasi iko na ndevu?"

"Ni farasi, maman! Angalia vizuri!"

Nilimpenda sana siku ile. Aliupaka mafuta mlango wake kila mwezi, akausemesha. Mgeni akija na kuuliza mbuzi ni wa nini, Gauthier hakula chakula cha jioni.

Tulizaa Benita, akakua, akaolewa na mwalimu, akaenda kuishi Mitwaba. Nyumba ikabaki na sisi wawili, na hapo ndipo Brigitte alipoingia. Brigitte anafanya biashara ya mpakani, anapanda na kushuka Sakania, ana nyumba upande wa pili wa mto Naviundu. Alimsikia Gauthier akiimba kwenye ubatizo. Akamhurumia.

Gauthier aliondoka mwezi wa nane, asubuhi ya Jumapili. Jua lilikuwa linawaka, vumbi jekundu limesimama barabarani, wingu hata la kufutia jasho halikuwepo. Nilikuwa nimeenda misa. Nikirudi, nilimkuta Ngalula amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Mama Benita, bwana yako alipita hapa na mulango."

"Anaenda kuutengenezesha," nikasema. Hata wakati ule nilimtetea!

"Na matela? Nayo anaenda kuitengenezesha?"

Nilikimbia. Nyumba yangu ilikuwa imefungua mdomo. Bawaba zimebaki ukutani kama meno mawili ya mzee. Gitaa halipo, kofia haipo, matela, yaani godoro, haipo, na mwanga wa jua umeingia mpaka kwenye sufuria zangu kana kwamba umealikwa. Kwa Ngalula aliacha ujumbe mmoja tu: "Umwambie Edith, mulango ulikuwa wangu."

Nilitundika kitenge mahali pa mlango. Nililala nyuma ya kitenge na mchi wa kutwangia pembeni yangu. Mbwa waliingia, kuku waliingia, mhubiri mmoja aliingia akidhani ni kanisa jipya. Kulia nililia, lakini sikulia mbele ya kioo. Halafu nikachoka kulia, nikaongeza mahindi, kwa sababu msimu wa joto ulikuwa unakuja na watu watakuwa na kiu.

Ndipo ukaja wimbo.

Niliusikia kwanza kwenye pikipiki iliyopita mbele ya meza yangu. Sauti niliijua. Gitaa nililijua, maana mimi ndiye niliyelibeba mgongoni kutoka Sakania. Kisha nikasikia jina langu.

*Edith ee, fungua mulango,*
*mvula iko nanipiga, nguo yote ni mayi.*
*Sakania iko mbali, treni ilishapita,*
*Edith ee, unanifungia juu ya nini?*

Katika ubeti wa pili anasimama usiku kucha chini ya mvua, ukingo wa kofia umeshuka, na gitaa limejaa maji kama mtungi. Katika ubeti wa tatu ananisamehe. Ananisamehe mimi!

Wimbo ulienda kama moto wa nyasi. Simu kwa simu, baa kwa baa. Benita alinipigia kutoka Mitwaba. "Mama, wanauimba hapa kwenye soko la mihogo," alisema. "Ni kweli ulimfungia papa?" Mtoto wangu mwenyewe, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile! Wateja wangu wakaanza kunywa huku wananitazama pembeni. Mmoja aliinua kikombe, akaonja, akasema, "Aa, sasa naelewa yule bwana alikuwa nalia juu ya nini." Wenzake wakacheka. Wanawake wa parokia walininong'onezea kwamba wananiombea moyo laini. Jina Edith nilipewa na padri mzee kwa maji matakatifu. Sasa likawa ni jina la mwanamke anayemwacha mume nje kama takataka. Mtu akikuibia mlango unaweza kununua mwingine. Akikuibia jina utaenda kulinunua wapi?

Nilimfuata. Nilimkuta mchana kwenye baa huko Kenya, anafunga nyuzi mpya za gitaa. Alikuwa amenenepa, huruma ya Brigitte ilikuwa na nyama.

"Gauthier," nikamwambia, "mvula gani mwezi wa nane?"

"Edith, wimbo hauna mwezi."

"Na mulango? Nilifunga mulango gani?"

"Ile mulango ni mufano tu."

"Mufano uko kwa Brigitte, umefungwa na kufuli! Nimeuona nikipita!"

Akashusha pumzi kama mtu anayemfundisha mtoto. "Sasa ulitaka niimbe nini? 'Nilibeba mulango, nikabeba na matela'? Nani atalia? Miye niko artiste, Edith. Bantu banalipa juu ya kulia."

Nikaona kwamba hanidanganyi. Kweli ndivyo anavyofikiri. Nilirudi nyumbani, nikashika mchi wangu.

Mvua zilikuja zikapita, nikazipokea kwa kitenge na plastiki. Kiangazi kilichofuata, Mama Mwape aliletwa kutoka Sakania akiwa mgonjwa, wakamweka kwa Brigitte. Alikataa kula. Akasema anataka munkoyo, na si wa mtu yeyote, ule wa mbuzi. Nikampelekea. Brigitte alinifungulia, nami nikapita kwenye mlango wangu wa buluu kama mgeni. Mbuzi alikuwa hajapakwa mafuta. Kutu ilikuwa imeanza kwenye pembe.

Nilienda kila asubuhi. Mama Mwape alikunywa kwa kijiko, akanitukana kwa kila kijiko, na mimi nikamtukana.

"Hii munkoyo iko baridi kama mukono ya maiti," alisema.

"Ni juu uizoee, mama. Unaenda kule kule."

Alicheka mpaka nikamshika mgongo. Brigitte akachungulia kutoka jikoni akidhani tumepatwa na wazimu; yeye wazazi wake ni wa mbali, utani wetu haujui.

Siku moja Mama Mwape akanishika kitenge. "Ule wimbo nimeusikia," alisema. "Nimezaa mutoto wa uongo, lakini anaimba muzuri, si vile?"

"Ndiyo, mama. Anaimba muzuri."

"Sikiya, munungwe. Siku yangu, usikuye kulia sawa mujane wa kanisa. Kuya ufanye kazi yako. Bakisema ulishaachika, uwaambie: bwana anaachaka bibi, lakini chui hawezi kuacha mbuzi. Ukikosa kuya nitarudi nikuvute muguu."

Alikufa wiki ile, usingizini, akiwa amemaliza kikombe.

Kilio kiliwekwa hapo kwa Brigitte. Turubai lilitandikwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, wanawake wakakaa chini kwenye mikeka. Tulimzika Jumamosi. Jumapili mchana, watu wote wakiwa wamekula, Gauthier alisimama na gitaa. Alikuwa amevaa suti nyeusi na kofia ya koboi. Alisema ataimba kwa ajili ya mama yake. Baadhi ya watu wakatayarisha simu. Na alipopiga nyuzi za kwanza, nilizitambua.

Ni ule ule. Kwenye kilio cha mama yake alianza kuimba kuhusu mlango.

Labda alidhani mimi nimeshatoka kwenye hesabu ya familia. Labda hakudhani lolote, aliona tu watu wengi wenye macho mekundu na akili yake ikaenda kwenye wimbo unaoliza. Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa. Amekaa mjini siku nyingi, akasahau kwamba mke unaweza kumuacha, munungwe huwezi.

Nilisimama kutoka kwenye mkeka. Nilichukua kitambaa cha kichwa cha Mama Mwape, nikajifunga. Nikachukua fimbo yake, nikainama kama yeye, nikavuta mguu kama yeye, nikamwendea mwanawe katikati ya ubeti.

"Gauthier!" nikasema kwa sauti ya marehemu. "Machozi haitoke vizuri! Kioo iko wapi? Mumuletee mutoto wangu kioo!"

Wazee wa Sakania walianguka. Nasema kweli, mmoja alianguka na kiti chake. Shangazi zake walipiga vigelegele, machozi na kicheko pamoja, maana ilikuwa ni yeye, Mama Mwape mzima, anatembea. Gauthier aliacha kupiga gitaa.

"Edith, wacha. Hii ni kilio."

"Kilio bila mbuzi ni mukutano!" alipaza sauti Muzee Mumba, kaka wa marehemu, mkubwa wa chui wote pale. "Wacha munungwe afanye kazi yake!"

Basi nikafanya kazi yangu. Nilizunguka uani nikiwanusa chui mmoja mmoja, nikawaambia nani ananuka nini. Nilifika mlangoni. Nikaweka fimbo chini, nikapiga magoti mbele ya kile kichwa cha chuma, nikaanza kulia kwa sauti.

"Yoo, ndugu yangu! Yoo, mutoto wa mama! Bena Mbushi tunakutafuta kila pahali, kumbe chui balikuiba, balikufunga hapa, banakugonga kila asubuhi!"

"Ni farasi!" Gauthier alipiga kelele.

Angenyamaza, pengine yangeishia hapo. Lakini alisema "ni farasi", na watu wakageuka wote kuutazama mlango, wakaona ndevu. Kicheko kile kilisikika hadi ng'ambo ya mto. Ngalula, aliyekuja kunisindikiza, ilibidi ashikwe.

Nikaushika mlango kwa mikono miwili. "Muzee Mumba," nikasema, "nimeshika."

Chui wote walijua maana yake. Muzee Mumba alikuja polepole, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Munungwe ameshika," alisema. "Tunampa ao tunakomboa. Munungwe, unataka nini tukukombolee? Kuku?"

"Hapana, muzee."

"Mbuzi?"

"Mbuzi ninaye. Nimemushika hapa."

Akacheka, akapangusa macho. "Sasa sema."

"Sitaki kintu. Gauthier anakamata gitari. Aimbe wimbo ule ule, na jina langu, lakini aimbe kama vile ilikuwaka. Akiuimba mara moja tu, hapa, mbele ya bantu na zile simu zao, ninaachilia mulango unabaki."

Nikaimba mimi kwanza ili asiseme maneno ni magumu. Sauti yangu ni ya kuita wateja, lakini inafika.

*Gauthier ee, nifungue mulango gani?*
*Ulibebaka mulango mu jua ya mwezi wa munane.*
*Mvula haikukuwa, treni hukungoja,*
*enda kwa Brigitte, mulango iko kule.*

Wanawake kwenye mikeka waliuchukua mara ya pili. Mara ya tatu wanaume nao waliingia. Gauthier alisimama, gitaa kifuani, kofia imesogea nyuma. Brigitte alitoka jikoni mbio, mikono ina unga wa bukari, ugali wetu.

"Imba!" alimwambia. "Ni maneno tu! Imba, nyumba yangu isibaki wazi!"

Aliweka vidole kwenye nyuzi. Alifungua mdomo. Nilimwona akiutafuta ule ukweli na kuupima kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. Niliomba Mungu auimbe. Mlango sikuuhitaji kama nilivyohitaji sauti ile, ambayo watu wanaiamini, iseme mara moja tu kwamba Edith hakumfungia mtu.

"Siwezi," alisema mwisho. "Haiimbike. Itaharibu wimbo."

"Gauthier!" Brigitte alipiga kelele.

"Haiimbike, nasema!"

Muzee Mumba akatikisa kichwa. "Basi mupwa wangu, wimbo ni wako. Mulango umeenda." Na akawaita vijana wa ukoo waje wautoe kwenye bawaba.

Hakuna aliyeniuliza tena swali. Mtu aliyekubali kupoteza mlango kuliko kusema haukufungwa, watu walielewa wenyewe ulifungwa au haukufungwa. Simu zote zilikuwa zimenyanyuliwa. Tulivuka daraja la Naviundu na mlango umelazwa kwenye kigari cha kusukuma, mbuzi anatazama mbingu, mimi mbele na fimbo ya Mama Mwape, nyuma yangu kundi zima la waombolezaji wakiimba maneno yangu kwa mahadhi ya Gauthier. Watu walitoka majumbani wakauliza nani anaolewa. Kesho yake Benita alipiga simu kutoka Mitwaba. Alikuwa anacheka tu.

Fundi alinichomelea bawaba mpya. Niliupaka mlango rangi, buluu ile ile. Kwenye pembe nikaongeza nyeupe, watu waache kuuliza.

Msimu wa mvua ulipofika, jioni moja ilinyesha ile mvua yetu ya mwezi wa kumi na mbili ambayo haikuachii nafasi ya kukohoa. Nilisikia mtu anagonga. Nikafungua. Gauthier alikuwa amesimama pale, kofia imeshuka masikioni, maji yanamtoka kwenye ndevu kama kwenye mbuzi wangu. Gitaa alilikumbatia chini ya koti.

"Edith," alisema, "Brigitte ameniambia nisirudi pashipo mulango."

"Aa."

"Banaimba maneno yako. Ku baa. Nikianza yangu, banaimba yako juu yake."

"Aa."

Nilimpa kikombe cha munkoyo. Alikunywa akiwa amesimama kizingitini, kama walivyokuwa wakinywa wateja wangu siku zile, akinitazama pembeni. Akanyoosha mkono akagusa kile kichwa cha chuma.

"Farasi yangu," alisema.

"Mbuzi."

Mvua iliongezeka. Nilijua ni neno gani linalofuata, na naamini hakukusudia, lilimtoka lenyewe kwa mazoea. "Edith ee," alisema, "mvula iko nanipiga."

Nilipokea kikombe, nikahakikisha amekimaliza. Halafu nikafunga mlango. Niliufunga taratibu, maana ni mzuri na nimeupaka rangi, nikasukuma komeo, nikasikiliza viatu vyake vikienda kwenye matope.

Tangu siku ile, mteja akiinua kikombe na kuniuliza, "Mama Edith, ni kweli ulimufungia bwana yako mulango mu mvula?", namjazia kikombe kingine na kumwambia ndiyo, nilimfungia.